Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tukipime Kipimo Kwanza

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atawasomea Mweka Hazina. Mimi nitaeleza kazi iliyotukalisha vikao vingi kuliko zote: kuandaa dodoso la mitindo ya kufikiri kwa Kiswahili.

Tulianza na Cognitive Style Index, dodoso ambalo Christopher Allinson na John Hayes walilichapisha mwaka 1996 kwa ajili ya watafiti wa mameneja na mashirika. Lina maswali 38. Mhojiwa hujibu kweli, si kweli au sina uhakika, na alama huanzia 0 hadi 76. Za juu ni za mchanganuzi, yaani anayepima jambo hatua kwa hatua, za chini ni za mtu anayefuata machale.

Neno hilo machale lilitula mchana mzima. Kamati ya tafsiri ilikuwa imeandika "hisia". Tukampa mwenzetu ambaye hakuwahi kuona dodoso la awali airudishe kwa Kiingereza, akaturudishia maswali ya furaha na hasira. Kisarufi hapakuwa na kosa, ila tulikuwa tunauliza jambo jingine kabisa. Mtu akisema machale yamemcheza, haelezi kwamba amekasirika. Anasema amejua kitu kabla hajajua amekijuaje. Tukafuta, tukaanza upya.

Kwenye majaribio, mama mmoja mwenye duka la jumla alisimamisha kalamu katikati ya ukurasa. "Nikinunua mzigo napiga hesabu hadi shilingi ya mwisho. Akija wa kukopa, namtazama usoni basi. Sasa alama ya vema niiweke wapi?" Ndugu zangu, hilo ndilo pingamizi ambalo watafiti Gerard Hodgkinson na Eugene Sadler-Smith walilitoa dhidi ya dodoso hili mwaka 2003: uchanganuzi na machale si ncha mbili za fimbo moja, mtu anaweza kuwa navyo vyote kwa wingi. Jumla moja ya alama humweka mama huyu katikati, sawa na asiye hodari wa lolote kati ya hayo mawili.

Wapo waliopendekeza tuyaache madodoso, tutumie majaribio ya vitendo. Nayo yana maradhi yake. Lile la Herman Witkin na wenzake la mwaka 1971, la kutafuta umbo lililofichwa ndani ya mchoro, lina jibu sahihi na jibu baya. Basi linapima uwezo, ilhali mtindo hauna aliyefaulu wala aliyefeli. La Richard Riding la kompyuta hulinganisha kasi ya kujibu, lakini Elizabeth Peterson, Ian Deary na Elizabeth Austin walipowapima watu walewale mara ya pili, matokeo hayakulingana vya kutosha. Walichapisha hayo mwaka 2003.

Kwa hiyo kamati imeamua: utafiti wowote wa chama utumie njia mbili au zaidi, dodoso pamoja na kumwangalia mtu akiwa kazini, na wahojiwa warudiwe baada ya wiki kadhaa.

Mwajiri mmoja alituomba dodoso hili achujie waombaji wa kazi. Tulikataa, na ningekataa tena leo. Siwezi kukubali mtu akose riziki kwa kipimo ambacho sisi wenyewe bado tunakitilia shaka.

Tafsiri haitasambazwa kabla ya ruhusa ya wenye haki. Awamu ya pili inaanzia sokoni, na yule mama amekubali tukae naye dukani siku nzima. Watakaojitolea wampe Katibu majina kabla ya kikao kufungwa.

Mwenyekiti