Ndege ndogo si za matajiri wa Shela peke yao

Mhariri,

Mimi ni nahodha wa boti hapa Lamu, kazi yangu kuvusha abiria kutoka gati la Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege, hadi mjini, na nimechoka kusikia watu barazani wakisema ati hizi ndege ndogo ni starehe za matajiri wenye majumba kule Shela tu na serikali isizitilie hata shilingi. Sawa, matajiri wako, mimi mwenyewe nawabeba, mmoja hushuka na mbwa wake kwenye kikapu na salamu hana. Lakini hiyo ni nusu ya habari.

Mwaka juzi nilikuwa kwa shemeji zangu huko kaskazini upande wa mpaka, kiwanja chao cha ndege sitakitaja, mke wa shemeji akashikwa na uchungu siku ya pili mtoto hatoki, na ilikuwa kusi, bahari imechafuka hakuna boti inayotoka, barabara ndo mnaijua wenyewe. Nesi akapiga simu weee mpaka ikaja karavani, ile ndege ya Cessna ya injini moja mabawa yako juu. Sasa kiwanja chenyewe ni udongo na nyasi za magotini. Ndege ikapita chini mara ya kwanza, punda watatu wamesimama katikati hawana habari, ikazunguka ikapita tena, sisi twakimbia twapiga masufuria, mzee mmoja na bakora yake nyuma, mara ya tatu ndo ikagusa chini. Rubani kijana mdogo tu. Aliposhuka hakuuliza punda, aliuliza soksi ya upepo, kile kitambaa cha mlingotini, iko wapi, manake akiwa juu hajui upepo watoka wapi ila atazame moshi na minazi, na akishuka na upepo mgongoni ndege inamaliza kiwanja chote haijasimama. Hilo nililielewa hapo hapo, hata jahazi huliingizi gatini na upepo wa tezi tanga likiwa juu. Mlingoti ulikuwepo, kitambaa kilishaoza zamani.

Mama alifika hospitali, akazaa salama. Na yule rubani alituambia lau tungepiga simu magharibi asingekuja mpaka alfajiri, kiwanja hakina taa hata moja, huwezi kutua gizani kwa kukisia. Sasa wewe hesabu mwenyewe, kusubiri alfajiri kwa mtu alivyokuwa yule.

Kwani haya ni mapya? Bi Florence Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege Nairobi 1929, ndo huyo uwanja wa Wilson una jina lake, na madaktari wa ndege wa shirika la afya la AMREF wakaanza 1957, na shida yenyewe ilikuwa hii hii, mgonjwa yuko mbali na njia hakuna. Kutoka 1957 mpaka leo bado twafukuza punda kwa masufuria.

Halafu kuna hili la vijana wetu. Mpwa wangu anashinda Manda akibeba mizigo, ndege zote azijua kwa mlio kabla hazijaonekana, ataka kuwa rubani. Nikaulizia. Leseni ya kurusha ndege binafsi ni saa 40 za angani kwa uchache, na ukishaipata huruhusiwi kubeba abiria wa kulipa, yaani ni ya kujirusha wewe na jamaa zako. Ukitaka kuajiriwa ni leseni ya biashara, kwa kawaida saa 200 hivi, na kila saa yalipiwa. Vindege vingi vya kufundishia havinywi mafuta ya karavani, yale jamaa ya mafuta ya taa, vyanywa petroli yake maalum, avgas, na hiyo si kila kiwanja utaipata. Baba yake ana mashua moja. Auze mashua wale nini? Basi twabaki kuwa watu wa kubeba mabegi kwenye uwanja ulioko kwetu, na kaunti kila mwaka yatoa basari za vyuo, sijasikia hata moja ya urubani, kama iko nisahihishwe.

Mimi siombi lami wala jengo la vioo, karavani yatua kwenye udongo vizuri tu. Naomba kila kiwanja cha kijiji kiwe na watu wawili wanaolipwa kukata nyasi na kufukia mashimo, seng'enge ya kuzuia punda, na hiyo soksi ya upepo. Hivyo vyote vikijumlishwa sidhani vyafika bei ya gari moja la mheshimiwa.

Siku ile kabla ndege haijaondoka mke wangu alivua leso yake moja akaifunga pale mlingotini, rubani akacheka akasema hiyo yatosha kwa leo. Mwezi uliopita nilipita tena, leso bado iko, imepauka na imechanika upande mmoja, na ndo hiyo hiyo marubani wanaitazama.

Nahodha, Lamu