YAH: MALALAMIKO KUHUSU GEJI YA MAFUTA INAYOONYESHA TANGI LIMEJAA WAKATI NI TUPU

Kwa Meneja Mkuu,

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa heshima hiyo mimi sikuonjeshwa nilipofika kwenye mapokezi ya karakana yenu. Taratibu zenu za kupokea, kukagua na kukabidhi ndege unazijua kuliko mimi, kwa hiyo sitakupotezea muda kuzieleza. Malalamiko yangu yanahusu geji ya tangi la kushoto la ndege yangu, Cessna 172 ya mwaka 1963, ambayo mmenikabidhi ikiwa na saini ya mhandisi wenu inayothibitisha kwamba geji hiyo imetengenezwa, imepimwa, na ndege iko tayari kuruka.

Geji hiyo inaonyesha tangi limejaa. Inaonyesha limejaa likiwa limejaa kweli, inaonyesha limejaa likiwa nusu, na inaonyesha limejaa hata pale ambapo mafuta yaliyomo hayatoshi kuwasha injini. Niliyagundua haya nikiwa chini kwa sababu rubani wa ndege kongwe hapandi kabla hajafungua kifuniko cha tangi na kuchovya kijiti cha kupimia. Mafundi wenu walikuwa wamemwaga mafuta ili kuifungua senda (kifaa chenye boya ndani ya tangi kinachoipelekea geji kiwango cha mafuta kwa njia ya umeme), na hawakuyarudisha (nayo yalikwenda wapi ni swali ambalo bado nalidai jibu). Kijiti kilitoka kikavu, kimelowa nchani tu. Nikachungulia ndani: sindano imelala kwenye F, alama ya tangi lililojaa. Nikazima swichi kuu, nikaiwasha tena, sindano ikapanda na kulala palepale.

Nilikichukua kijiti hicho na kwenda nacho mapokezi, nikiamini kwamba watu wa ufundi wakiona ushahidi hawatahitaji maneno mengi. Msimamizi wenu wa karakana alinisikiliza akiwa amesimama, kisha, mbele ya wateja wengine na vijana wanaojifunza urubani, akasema: "Mzee wangu, geji za ndege hizi ni mapambo. Sheria yenyewe inataka isome sawasawa tangi likiwa tupu tu." Watu wakacheka. Akamwagiza karani asinipe ufunguo wa ndege mpaka nimalize ankara yote, ikiwemo kazi ambayo ndiyo kwanza nimetoka kumwonyesha kwamba haikufanyika.

Naomba ulitazame kwa utulivu neno hilo la msimamizi wako, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike badala ya kunyamaza na kutafuta karakana nyingine. Porojo hiyo ya "ikiwa tupu tu" imezagaa viwanjani na inatokana na kusoma kanuni nusunusu. Kifungu cha 23.1337 cha kanuni za usafiri wa anga za Marekani, kabla Sehemu ya 23 haijaandikwa upya mwaka 2017, kilidai geji isome sifuri katika uruko wa usawa pale ambapo mafuta yaliyobaki tangini ni yale tu yasiyoweza kutumika. Maana yake ni kwamba sifuri ya geji isihesabu yale mabaki ambayo injini haiwezi kuyavuta. Haimaanishi kwamba sindano ina ruhusa ya kudanganya kuanzia hapo kwenda juu. Kifungu cha 91.205 cha kanuni hizohizo kinataka geji inayoonyesha kiasi cha mafuta katika kila tangi. Lakini tuseme msimamizi wako ana haki. Tuseme geji inapaswa kusema kweli mara moja tu, tangi likiwa tupu. Tangi langu lilikuwa tupu, Ndugu Meneja, na geji mliyoitengeneza ikasema limejaa. Imeshindwa hata mtihani huo mmoja alioutunga yeye mwenyewe.

Kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuitazama, niliifanya mwenyewe kazi ambayo mhandisi wenu ametia saini kwamba aliifanya. Nilivua kifuniko cha ndani penye shina la bawa la kushoto, nikachomoa waya wa senda. Sindano ikabaki kwenye F, haikutikisika. Nikaugusisha waya huo kwenye fremu ya ndege, sindano ikashuka hadi sifuri bila kusita. Kwa hiyo geji ni nzima na waya ni mzima. Kisha nikapima ukinzani wa senda mpya mliyoifunga, yaani kiasi inavyouzuia umeme, ambacho hupimwa kwa omu. Ndege yangu inatumia mfumo wa omu 0 hadi 30, ambapo ukinzani huongezeka kadiri boya linavyopanda. Senda mliyonifungia ni ya mfumo wa kinyume, omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa. Kiwango chake cha chini kabisa kinazidi kiwango cha juu kabisa cha geji yangu. Boya likae popote linapotaka kukaa, sindano haina njia ya kutoka kwenye F. Fundi mwenye mita ya umeme mkononi angeligundua hili kabla hajafunga skrubu ya kwanza.

Na hili niliwaonya. Siku ya kuileta ndege, kabla ya yote haya, nilimweleza aliyenipokea kwamba senda ya zamani imechoka, kwamba sindano inarukaruka ikifika katikati kwa sababu waya wa ukinzani umelika pale mkono wa boya unaposugua kila siku, na nikasisitiza kwamba ikibadilishwa iwekwe ya mfumo uleule. Aliandika. Nilimwona akiandika. Ajabu ni kwamba kwenye ankara kuna mstari usemao "geji imefunguliwa na kukarabatiwa", ilhali skrubu zinazoishikilia geji hiyo bado zimefunikwa na rangi ya zamani ambayo haijachubuka hata kidogo, na vumbi la nyuma yake limekaa kama lilivyokuwa. Mnanitoza kwa kazi ambayo bisibisi haijaigusa. Kuna mstari mwingine wa kuosha ndege, jambo ambalo sikuliomba, ingawa nakiri iling'aa sana.

Kuhusu upimaji ulioandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege, sihitaji kukufundisha kazi yenu. Ndege huinuliwa ikae katika usawa wa kuruka, tangi humwagwa, huwekwa yale mafuta yasiyotumika na sindano hulinganishwa na sifuri, ndipo mafuta huongezwa kidogokidogo na kila kiwango huandikwa. Naomba nipewe karatasi yenye viwango hivyo. Nilipoiomba pale mapokezi niliambiwa kwamba ipo "ofisini". Kama ingekuwepo, ingekuwa na safu nzima ya namba zinazosema F.

Kuna jambo la hatari zaidi. Niliporudi kuijaza ndege kwa gharama yangu, nilisikia harufu ya petroli ndani ya kabini, na nilipopapasa chini ya senda vidole vyangu vikatoka na unyevu. Kwenye kitambaa cha ukuta kuna doa la bluu linaloshuka, rangi ya avgasi ya 100LL, petroli ya ndege, ambayo hakuna mtu anayeweza kuifananisha na maji. Gasketi mliyoiweka, ile pete ya kuzuia mafuta yasivuje kwenye senda, ni ileile ya zamani, imekauka na kupasuka pembeni. Petroli inavuja juu ya kichwa cha abiria wangu, karibu na nyaya za umeme, katika ndege ambayo mtu ameithibitisha kwa saini yake.

Ndiyo maana sauti ya yule msimamizi haiishi masikioni mwangu. Nilisimama mbele yake na kijiti kingali na unyevu nchani, kinanuka mafuta. Alikichukua mkononi mwangu bila kuniomba, akakitupa juu ya meza, kikabingirika hadi kwenye mkoba wa mteja mwingine. Akasema geji ni mapambo. Akaniita mzee wangu kwa sauti ambayo mtoto aliyelelewa hawezi kumwitia mzee. Kisha akachukua karatasi ambayo nilikuwa nimeandika malalamiko yangu, akapangusia nayo vidole, akaitupa kwenye pipa, na wale vijana wakacheka. Hao ndio marubani wa kesho, na somo walilopewa siku hiyo ni kwamba mwenye kuuliza habari za mafuta ni wa kuchekwa. Ndege nyingi zimeanguka zikiwa na injini nzima kabisa kwa sababu tu mafuta yalikwisha na rubani hakujua.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba jambo moja, nalo ni kwamba senda ya mfumo sahihi pamoja na gasketi mpya vifungwe kwa gharama zenu na upimaji ufanywe mbele yangu. Nikiendelea kuandika naona kwamba hilo halitoshi. Nadai pia nirudishiwe fedha zote za kazi ya geji, ya kweli na ya kubuni, pamoja na thamani ya mafuta yaliyomwagwa. Nadai maandishi yaliyomo kwenye kitabu cha kumbukumbu yasahihishwe na mhandisi aliyeyatia saini, kwa jina lake. Nadai barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na msimamizi mwenyewe, wala si na karani wake. Tena sasa sitaki fundi yeyote wa zamu ile aiguse ndege yangu. Kazi hiyo ifanywe na karakana nitakayoichagua mimi, na ankara yake iletwe kwenu.

Nakupa siku 14 tangu utakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitawasilisha kwa mamlaka ya usafiri wa anga picha za doa la bluu, vipimo vya ukinzani, picha za skrubu zenye rangi na nakala ya ukurasa uliosainiwa, na nitaomba kumbukumbu za ndege nyingine zote zilizotengenezwa senda na mhandisi huyo zikaguliwe. Wakili wangu ameshapata nakala. Senda niliyoivua ninayo, nimeifunga kwenye mfuko pamoja na gasketi yake, na sitaikabidhi kwa mtu yeyote kutoka kwenu isipokuwa mbele ya mkaguzi.

Nasubiri jibu lako.

Wako,
Mmiliki na rubani wa ndege

Nakala: Wakili wa mlalamikaji