Bandari naijua kwa unga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila bandari ya Mombasa inapotajwa huku Uganda, wanahesabiwa matajiri wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla kule Kampala. Sisi wa njiani hatuhesabiwi.

Nina hoteli ya meza sita hapa Malaba, mpakani na Kenya, jirani na maegesho ya malori. Bahari sijaiona hata siku moja, lakini bandari naijua kwa unga. Meli zikishusha vizuri, siku chache baadaye nasonga posho, yaani ugali, kilo ishirini. Bandari ikilala, nasonga sita, na msichana wa kuosha vyombo namwambia abaki kwao. Yeye halipwi siku hiyo.

Nitasema neno ambalo majirani hawatalipenda: tulikuwa tunakula foleni. Kabla ya 2014, ushuru ulipokuwa haujaanza kumalizwa mzigo ungali Mombasa, dereva alikaa hapa siku tatu, nne, akingoja karatasi. Alikula, akalala gesti, akafuliwa nguo, akaziba puncha. Kisha ikaja forodha ya pamoja. Safari ya Mombasa hadi Kampala iliyokuwa ikimaliza zaidi ya wiki mbili ikashuka hadi siku nne hivi. Chumba cha wakala wa forodha mkabala nami sasa ni saluni.

Sikulia sana. Foleni ile alikuwa akiilipia mnunuzi wa sabuni huko Mbarara. Hata mimi niliilipia: Januari 2022, madereva walipogomea kulipia kipimo cha korona, malori yalijipanga kilomita na kilomita, nikauza hadi miguu ikavimba. Wiki hiyohiyo mwanangu wa bodaboda aliegesha pikipiki, petroli hakuna. Nilichopata kwenye sahani tukakila nyumbani, tukiwa naye.

Sasa mkataba wa reli ya kisasa, Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ulitiwa saini Oktoba 2024. Lori lina dereva na turniboi, msaidizi wake, matumbo mawili. Treni haisimami kula maharagwe.

Siombi reli isijengwe. Nawauliza wakubwa wa wilaya yetu ya Tororo: treni ikija imejaa, itarudi pwani na nini? Usiku nasikia makontena matupu yakirudi Mombasa, yanagonga kama madebe. Na Tororo ndiko reli ya zamani inakochepuka kwenda Mbale, Soroti, Lira hadi Gulu, kwenye mahindi, ufuta na alizeti. Basi ghala la kukaushia nafaka, mizani na mahali pa kupakia viwekwe huku kwetu, vijana wapate kubeba gunia badala ya kuhesabu mabehewa. Tena mapema, kabla michoro haijapigwa mhuri.

Mwenye michoro hiyo akipita Malaba aniulizie. Chai ipo, na maegesho siku hizi hayakosekani.

Mama Hoteli,
Malaba, Tororo