"Mmeelewa?" "Ndiyooo mwalimu!"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni mwalimu wa fizikia shule ya kata nje kidogo ya mji wa Dodoma, kidato cha pili changu kina watoto zaidi ya 80 na kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu.

Kila mwalimu analijua. Unafundisha weee, unageuka unauliza "mmeelewa?", darasa zima linaitikia "ndiyooo mwalimu!", halafu ukisahihisha testi unakuta hata nusu hawakuelewa. Wanaonyoosha vidole ni walewale watano wa mbele. Waliobaki kimya sio kwamba hawana akili jamani, mtoto kasoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kaingia form one kila kitu kimegeuka Kiingereza, anaogopa kufungua mdomo asije akachekwa.

Ndio maana niliposikia habari za klika kwenye semina moja nilifurahi sana. Ni rimoti ndogo, kila mwanafunzi anashika yake, swali linawekwa ubaoni na majibu A mpaka D, mtoto anabonyeza, kidude kilichochomekwa kwenye kompyuta ya mwalimu kinapokea majibu yote na kuonyesha A wako wangapi, B wangapi. Jirani yake hajui kajibu nini, mwalimu ndio anajua. Yaani yule wa dawati la nyuma ambaye hajawahi kusema kitu tangu January naye kajibu!

Sasa tatizo watu wakishasikia hivyo wanawaza bei tu, mara projekta, mara umeme, mara betri za rimoti 80, na simu wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja nazo shule kwa hiyo zile programu za kujibia kwenye simu nazo hazitufai, basi mjadala unafia hapo tunasubiri mfadhili. Mimi nasema tusisubiri. Profesa Eric Mazur wa Harvard kule Marekani alianza kufundisha fizikia kwa mtindo huu mwaka 1991 na mwanzoni hakuwa na rimoti, wanafunzi walikuwa wananyoosha mikono au kuinua kadi. Na mwaka 2008 mtafiti wa Kanada, Nathaniel Lasry, alichapisha utafiti wake, kundi moja lilitumia klika na jingine kadi za karatasi, ufundishaji uleule, uelewa wao haukupishana kwa maana yoyote. Kinachofanya kazi ni swali lenyewe na yale mabishano yanayofuata.

Basi nikanunua manila, nikakata, kila mtoto akapata kadi nne. Swali langu la kwanza: lori la mizigo limegongana uso kwa uso na bajaji, nani kampiga mwenzake kwa kani (nguvu ya kusukuma) kubwa zaidi? Nikahesabu moja mbili tatu, kadi juu. Karibu darasa zima lori! Waliosema kani ni sawa hawakufika hata kumi, na hawa ndio watoto ambao wiki iliyopita walinikaririshia sheria ya tatu ya Newton, kwamba vitu viwili vikisukumana kani zao ni sawa, neno kwa neno na mimi nikaridhika kabisa. Iliniuma.

Sikuwaambia jibu. Nikawaambia geukieni jirani mwenye kadi tofauti na yako mbishane dakika tatu, lugha yoyote. Kelele zikaanza, Kiswahili, wengine Kigogo kabisa, nikawa napita katikati nasikiliza, na binti mmoja mkimya sana nikamsikia anamuuliza mwenzake "sasa hilo lori mbona bampa lake nalo limebonyea, nani kalibonyeza?" Mimi mwenyewe nisingefikiria kuelezea hivyo. Kadi zikainuliwa mara ya pili, zaidi ya nusu wamehamia kwenye sawa. Hapo ndio nikaingia kueleza kwamba kani ni ileile ila bajaji ni nyepesi ndio maana inarushwa.

Nakubali manila ina udhaifu wake, wapo wanaochungulia ya jirani na haihifadhi kumbukumbu. Lakini vishikwambi vya Sensa ya 2022 si waligawiwa walimu? Kuna programu inaitwa Plickers, mtoto anashika karatasi yenye mchoro, anaigeuza upande wa jibu lake, mwalimu anapitisha kamera ya kifaa kimoja tu na majibu yanasomeka kwa jina la kila mmoja. Kwa nini hili lisifundishwe kwenye semina?

Ombi langu kubwa ni kwa wakuu wa shule na wathibiti ubora. Mkipita dirishani mkasikia kelele dakika tatu, msituandike kwamba darasa limemshinda mwalimu, na msiwaadhibu watoto kwa kubishana kwa Kiswahili, swali nimeuliza kwa Kiingereza na jibu watalitoa kwa Kiingereza. Na tafadhali majibu haya yasigeuzwe maksi wala viboko, mtoto akishaogopa atainua kadi ya mwenye akili darasani na mimi nitarudi kulekule kwa ndiyooo.

Wiki ijayo naanza mada ya joto. Nitawaambia washike chuma cha dawati na mbao yake asubuhi ya baridi, kisha waseme kipi kina nyuzi joto chache. Walimu wenzangu mliopo Kongwa, Bahi, Mpwapwa na kwingine, ulizeni darasani kwenu kisha mtuandikie hapahapa gazetini kadi zilikaaje mara ya kwanza na mara ya pili.

Mwalimu wa fizikia,
Dodoma