Msimkalishe mama kwa jina la heshima

Mhariri,

Desemba inakaribia. Magari yatapanda Kilimanjaro yakitoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, yamejaa watoto na wajukuu, magunia ya mchele na madumu ya mafuta ya kupikia, na katika nyumba nyingi litasemwa neno lile lile: "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa kaa." Naandika kuwaomba wenzangu wasilitamke mwaka huu.

Mimi nililitamka miaka tisa iliyopita. Mama yangu, mzaliwa wa Machame, alikuwa na miaka 71. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani kila siku. Siku ya gulio alishuka kwa miguu na mikungu yake ya ndizi, akapanda tena na chumvi na sabuni. Msimu wa mahindi alitoka alfajiri kwenda shamba la tambarare. Sisi watoto tukakaa kikao. Tukamwajiri kijana wa kukata majani, tukamletea dada wa kazi, tukanunua runinga, tukapatana na kijana wa bodaboda awe anampeleka kanisani Jumapili na kumrudisha. Majirani walitusifu kwamba tunajua kutunza mzazi. Haikupita miaka mitatu, mama aliyekuwa akikumbuka deni la kila mteja wake wa ndizi bila kuandika popote akaanza kuuliza mara nne asubuhi moja kama ng'ombe amekamuliwa. Leo ananiita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki.

Daktari aliyempima aliniambia kwamba huwezi kumchukua mgonjwa mmoja na kusema kilichomletea demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ni kukaa tu. Nalirudia hapa kwa makusudi, maana sitaki msomaji mwenye mzazi mgonjwa ajibebeshe hatia usiku kucha kama nilivyofanya mimi. Utafiti uliofanyika hapa hapa wilayani Hai, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013, ulihusisha wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, ukakuta takriban 6 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Na hao walikuwa wazee wa vijijini, watu wa jembe na wa kupanda mlima na mzigo. Kwa hiyo mwenye kuahidi kwamba ukitembea hutaugua anadanganya.

Ila kuna mambo yanayojulikana, na kwetu hayasemwi, kwa sababu kusahau tumekuita uzee tu, au tumetafuta aliyemroga. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zote za mwili uliotulia. Chakula hicho na hewa huletwa na damu, na damu hupita kwenye mishipa mingine myembamba kuliko unywele. Sisi tuliokulia kwenye mifongo, mifereji yetu ya asili ya kumwagilia mashamba, tunaelewa haraka: maji yakiwa mengi kule juu ya mlima hayakusaidii kama mfereji wa kuingia shambani kwako umebomoka. Presha na kisukari ndivyo vinavyobomoa mifereji hiyo midogo kichwani, polepole, miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau. Na mwili unaotembezwa kila siku hushusha presha na kuitumia sukari vizuri zaidi.

Kuna zaidi ya hilo. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120 waliogawanywa makundi mawili kwa mwaka mzima. Kundi moja lilitembea kwa kasi, likapandishwa taratibu hadi dakika 40, siku tatu kwa wiki. Jingine lilifanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, iitwayo hipokampasi, ambayo kwa kawaida husinyaa uzeeni, iliongezeka kwa karibu asilimia 2 kwa waliotembea, ikapungua kwa wale wengine. Niliposoma hivyo niliweka karatasi chini nikatoka nje. Dakika 40 ni mwendo wa mama kutoka nyumbani hadi gulioni. Mimi ndiye niliyemlipia bodaboda.

Naomba ndugu zangu wa miaka 45 wasidhani hapa wanasemwa wazee peke yao. Huko Gothenburg, Uswidi, mwaka 1968 wanawake 191 wenye umri wa kati ya miaka 38 na 60 walipimwa nguvu zao kwa kuendesha baiskeli hadi wachoke, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 44. Waliokuwa na pumzi na nguvu za juu, ni 5 katika 100 waliopata demensia. Waliokuwa wa chini kabisa, 32 katika 100. Wanawake walikuwa wachache, na kupima nguvu si sawa na kuagiza mtu afanye mazoezi, lakini angalieni umri wao. Ni umri wa hao watakaoshuka kwenye gari Desemba, wanaotoka kiti cha gari kwenda kiti cha ofisi na jioni kiti cha baa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuongeza mapigo ya moyo. Ni nusu saa, siku tano.

Kungoja ndilo kosa kubwa kuliko yote. Jaribio la Uingereza lililotolewa mwaka 2018, la watu 494 ambao tayari walikuwa na demensia, liliwapa wengi wao mazoezi mazito kwa miezi minne. Miili ilipata nguvu, kusahau hakukupungua. Ndiyo maana siwaandikii kuhusu mama yangu. Tunatembea naye hadi kwenye mgomba wa mwisho na kurudi, anafurahi, analala vizuri usiku, na mimi sitarajii zaidi. Nawaandikia kuhusu mama zenu ambao bado wanajua majina yenu.

Mpunguzieni mzigo, msimpunguzie mwendo. Kijana na abebe majani, mama atembee naye akimwonyesha ya kukata. Kama magoti yanauma au presha iko juu, apelekwe kwanza zahanati aulizwe anaweza umbali gani. Kanisani mwende naye kwa miguu, mkiondoka mapema, na mjukuu amshike mkono.

Kwa halmashauri zetu nina ombi moja. Barabara za lami zinazopanda huku zimejengwa kama vile hakuna atembeaye: upande huu mfereji wa maji, upande ule magari. Mzee akisikia gari hana pa kukanyaga. Tuwekewe njia ya waenda kwa miguu, hata ya changarawe, kuanzia vijijini hadi magulioni. Na ninyi mnaokuja Desemba, punguzeni mwendo kwenye kona. Anayetembea pembeni na fimbo yake huenda ni mama wa mtu aliyekataa kukalishwa.

Mwalimu mstaafu,
Hai, Kilimanjaro