Umenunua kitabu cha mazingaombwe na mchezo unakataa? Soma hapa kabla hujakirudisha

Lalamiko tunalolisikia sana hapa dukani Kisumu si la bei. Ni hili: "Kitabu nimekimaliza, siri nazijua, lakini nikimfanyia mtu anacheka na kuniambia ameona." Mara nyingi kitabu hakina kosa. Kimesomwa kama riwaya, kitandani, mikono mitupu. Msomaji ametafuta siri, akaipata, akafunua ukurasa unaofuata. Sasa, siri yenyewe kwa kawaida huchukua mistari mitatu. Yale maelezo mengine, yanayoonekana kama porojo za mwandishi, ndiyo mchezo.

Tuchukue mmoja tuutazame kwa karibu. Karibu kila kitabu cha karata kina njia ya kumfanya mtu achukue karata unayoitaka wewe huku akiamini ameichagua mwenyewe. Iliyo rahisi kuliko zote ni ya msalaba. Unaijua karata ya juu, tuseme ni tisa ya kopa. Unaweka pakiti mezani na kumwambia mtu akate: anyanyue fungu, aliweke kando. Wewe unachukua fungu lililobaki na kulilaza juu ya lile alilokata, likiwa limekingama kama msalaba. "Tuweke alama hapo ulipokata." Baadaye unanyanyua fungu la juu na kumpa karata inayoonekana kuwa ndiyo aliyoikatia. Ni tisa ya kopa, ile ile iliyokuwa juu tangu mwanzo.

Ukisoma hivyo unasema huu hauwezi kumpumbaza hata mtoto. Na ni kweli: ukiufanya mbio mbio kama ulivyousoma sasa hivi, hauwezi. Anakumbuka vizuri fungu lipi lilitoka wapi. Kinachoufanya ufanye kazi ni zile sekunde kumi au kumi na tano baada ya msalaba. Hapo unamuuliza swali linalomlazimu akutazame usoni, kwa mfano, "Ulipokata hapo ulikuwa na sababu, au mkono ulisimama tu?" Akishainua macho, akajibu na kucheka, kumbukumbu ya mafungu imekwisha kuchanganyika, na maneno yako "hapo ulipokata" yanajaza pengo.

Makosa tunayoyaona ni yale yale. La kwanza, wewe mwenyewe unazikodolea karata macho. Ukizitazama, naye atazitazama. La pili, unasema "chukua karata ya juu". Neno "juu" linamkumbusha kwamba kulikuwa na karata ya juu. Sema "itazame uliyoikatia". La tatu, mtu anakata karata tano tu, na fungu jembamba linajionyesha. Mwambie tangu mwanzo akate karibu na nusu. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji vidole vyepesi.

Wateja wanaotaka kusoma mawazo huruka michezo kama huu wakidhani ni ya watoto. Kumbe ndiyo injini ya mambo yao. Kuna kanuni ya zamani ya kutangulia hatua moja, nayo iko katika takriban kila kitabu cha fani hiyo. Andaa vipande vitatu vya karatasi vinavyolingana, kama sentimita 5 kwa 8, kalamu, na kikombe cha bati au cha plastiki kisichoonyesha kilichomo ndani. Gilasi hapana. Tisa ya kopa iko juu ya pakiti.

Mtu wa kwanza anafikiria mji anaoupenda. Unajifanya unauandika, lakini unaandika "9 kopa". Unakunja, unatumbukiza kikombeni, kisha unamwomba autaje ili wote wasikie. "Bondo." Mtu wa pili anafikiria nambari kati ya 1 na 100. Unaandika "Bondo", unakunja, unatumbukiza, kisha anaitaja: 64. Wa tatu anakata karata, unaweka msalaba, na unaandika "64". Unakunja, unatumbukiza, ndipo unamwambia aitazame karata aliyoikatia. Kikombeni sasa mna majibu yote matatu.

Angalia jinsi michezo miwili ilivyooana. Ule muda unaouchukua kuandika karatasi ya tatu ndio muda unaohitajika ili msalaba usahaulike. Mwandishi wa kitabu huenda asikwambie hivyo waziwazi. Utaligundua ukiwa umesimama na kalamu mkononi.

Unaharibikia wapi? Wengi huweka karata kwanza kwa sababu imewasisimua. Haiwezekani: karata ndiyo jibu pekee unalolijua kabla, kwa hiyo ni lazima lifichuliwe mwisho. Wengine hutoa karatasi moja moja wakisema "hii ndiyo ya kwanza", na siri inaanguka mezani. Mimina zote kwa pamoja, mwachie mtu mwingine azikunjue. Wakishikilia uziandike nambari, ile ya karata ipe 3 ingawa ndiyo uliyoiandika kwanza, ya mji 1, na ya nambari 2. Tena usiandike "tisa ya kopa" kwa kirefu wakati mtu anafikiria mji. Kuna watu wanaosikiliza kalamu. Na hapa kwetu kuna mtego mwingine ambao vitabu vya ng'ambo havina habari nao: watu wengi hutaja nambari kwa Kiingereza, ambapo 16 na 60 hukaribiana sana sikioni. Mrudishie kwa Kiswahili, "Sitini?", kabla hujaiandika.

Kwa asiyetaka karata kabisa, anza na hesabu. Mtu aandike nambari ya tarakimu tatu, aigeuze kinyumenyume, atoe ndogo kutoka kwa kubwa, ageuze jibu, kisha ajumlishe. 742 toa 247 ni 495. 495 na 594 ni 1089. Huwa 1089 kila mara, isipokuwa anapokosea, na atakosea. Tarakimu ya kwanza na ya mwisho zikiwa sawa anapata sufuri. Zikipishana kwa moja tu, kama 463, anapata 99. Akilichukulia kama jibu la tarakimu mbili atafika 198 nawe utabaki umeduwaa. Kwa hiyo sema mapema: ya kwanza na ya mwisho zipishane kwa mbili au zaidi, na atumie kikokotoo cha simu. Kisha mwambie afungue kitabu ulichokiweka mezani, ukurasa wa 108, neno la 9. Hilo neno umelikariri asubuhi. Chagua kitabu ambacho neno hilo ni nomino nzito, maana kwa Kiswahili mara nyingi neno la tisa litakuwa "na" au "ya", na hakuna anayepigwa na butwaa kwa kusomewa "ya" akilini. Hakikisha pia ukurasa huo hauanzi na kichwa cha sura, asije akaanza kuhesabu kwenye kichwa hicho badala ya kwenye aya. Na usirudie kwa mtu yule yule. Jibu halibadiliki.

Sasa karata zenyewe. Hili si la kitabu, ni la hewa. Kisumu iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, na joto lake lina unyevu. Karata za karatasi hufyonza unyevu huo, zikavimba na kujikunja. Zile za plastiki laini za bei ya chini hugandana mkononi ukitoka jasho, halafu zinateleza kwa ghafla. Ukijaribu kunyanyua karata mbili kama moja, mbinu ambayo vitabu vingi vinaitegemea, zitaachana kama midomo na wote wataona. Utafikiri ni vidole vyako. Nunua karata za karatasi ambazo uso wake una vijishimo vidogo vidogo. Hewa inayobaki katikati ndiyo inayozifanya zitelezeane sawasawa. Futa mikono, zirudishe kwenye kasha kila ukimaliza, na kasha likae ndani ya mkebe wenye kifuniko. Usipake poda ya mtoto, hugeuka uji. Wateja wa Nakuru wana shida tofauti, vumbi. Kwao kitambaa kikavu kinatosha.

Sarafu nazo zina jambo lake. Bobo, ambaye kitabu chake cha sarafu cha 1952 bado kinatafutwa, aliwaandikia watu wanaoshika nusu dola ya Marekani, yenye upana wa milimita 30.6. Hatuna ya ukubwa huo mfukoni. Iliyo karibu ni ya shilingi 20, tunayoiita mbao, na ni ndogo kiasi kwamba ile misuli ya chini ya kidole gumba haiibani jinsi picha inavyoonyesha. Isogeze kuelekea katikati ya kiganja mpaka ikae. Mchezo ukihitaji sarafu mbili zijifanye moja, zote ziwe za toleo moja: ya ndovu, iliyotoka mwishoni mwa 2018, haiwezi kujifanya ile ya zamani yenye sura ya rais.

Mnaotumia mkono wa kushoto, geuzeni kila "kulia" kuwa "kushoto" kwa penseli kabla ya kuanza. Si baada ya kukwama. Chunguzeni pia kila mchoro: mwingine umechorwa kwa macho ya mchezaji, mwingine kwa macho ya mtazamaji, na kitabu kimoja kinaweza kuwa na aina zote mbili.

Tunaulizwa kitabu gani cha kuanzia. Kwa karata, cha Hugard na Braue, "The Royal Road to Card Magic", kwa sababu kinaanza na kuchanga karata na kukufundisha michezo papo hapo kwa mbinu hiyo hiyo moja, usiruke sura. Kwa kusoma mawazo, watu huja wakitaja Corinda, mwandishi wa "13 Steps to Mentalism". Kazi hiyo ilitoka kwanza kama vijitabu 13, kimoja kimoja, na ndivyo tunavyoshauri uisome hata kama umenunua iliyounganishwa. Cha kwanza kinahusu kifaa kidogo cha kuandikia kinachofichwa kidoleni. Watu hukifungua, wanakiona kigumu, wanarukia utabiri. Kaa nacho mwezi mzima. Kwa kweli, kama bajeti ni ndogo, tutakuuzia kijitabu cha kurasa ishirini chenye michezo minne kabla ya kitabu kinene. Kinene hukupa mahali pa kukimbilia kila mchezo unapokuwa mgumu.

Mazoezi: dakika kumi asubuhi na kumi jioni, karata mkononi, kitabu kikiwa kimefunguliwa kwa kibanio cha nguo. Soma sentensi moja, ifanye, soma inayofuata. Ukishaweza bila kutazama, tia maneno. Kisha jirekodi kwa simu iliyokaa kwenye usawa wa macho ya mtazamaji. Kioo kinakudanganya, kwa sababu unajitazama, na ukishaonyesha watu hutakuwa ukijitazama.

Jambo la mwisho ni la watu. Ukichomoa karata steji ya matatu, watakaokusogelea kwanza ni wale waliowahi kuliwa pesa kwenye pata potea. Usikubali dau, hata la soda. Na ukisoma mawazo, eleza tangu mwanzo kwamba ni mchezo. Usiguse wafu, ugonjwa, mume wa mtu wala mali iliyoibwa, na usithubutu matangani. Huko vijijini neno "uchawi" likishatamkwa halirudi mdomoni, na Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ya tangu 1925, inamgusa anayejidai kuwa na nguvu zisizo za kawaida kwa namna ya kuwatia watu hofu. Ajabu ni kwamba mojawapo ya vitabu vya kwanza vya Kiingereza kueleza mazingaombwe, cha Reginald Scot cha 1584, kiliandikwa kwa sehemu ili kuonyesha kwamba wanaoshukiwa uchawi hawana nguvu hizo.

Kitabu kilichofunguliwa haturudishi pesa, kwa sababu siri ikishasomwa imesomwa. Kikiwa na kurasa zilizokosekana au zilizochapwa vibaya tunakibadilisha. Ukikwama, njoo nacho pamoja na pakiti yako mwenyewe ya karata, si mpya, ile unayoifanyia mazoezi. Tia alama ya penseli kwenye sentensi ya mwisho uliyoifanya ikakubali. Tutaanzia kwenye sentensi inayofuata.