Picha za anga za juu zichapishwe na maelezo kamili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo sisi walimu wa sayansi huku Dodoma hukutana nalo karibu kila gazeti linapotoa habari za anga za juu, nalo ni picha kuchapishwa bila maelezo. Hivi karibuni ukurasa mmoja wa gazeti lako ulikuwa na picha tatu: dunia ikionekana duara zima, mwanaanga amesimama mwezini, na wingu la rangi ya dhahabu na buluu lililojaa nyota. Chini ya zote tatu yaliandikwa maneno yaleyale, "Picha na Mtandao". Mtandao haupigi picha. Mbili za kwanza zilipigwa na binadamu kwa filamu, wakiwa mbali na dunia. Ya tatu ilitokana na vipimo vya darubini ambayo haina mtu ndani yake. Na msomaji aliyeziona zimepangwa pamoja hakupewa njia yoyote ya kuzitofautisha.

Nianze na ile ya dunia, maana ndiyo inayotuhusu kwa karibu zaidi. Ilipigwa tarehe 7 Desemba 1972 na wanaanga wa Apollo 17, saa chache baada ya kuondoka Florida, walipokuwa takribani kilomita 29,000 kutoka duniani, safarini kuelekea mwezini. Jua lilikuwa nyuma yao, na ndiyo sababu duara lote limeangazwa bila upande wa giza. Bara linaloonekana wazi kuliko yote humo ni Afrika, tangu pwani ya Mediterania hadi Rasi ya Tumaini Jema, Madagaska ikiwa pembeni na barafu ya Antaktika ikiwa chini; na Tanzania yetu imo. Katika fremu ya asili kusini ndiko kulikokuwa juu, kisha picha ikageuzwa ili ifanane na ramani tulizozizoea. Hata mpigaji wake ana habari yake: Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt wote walipiga picha katika safari ile, kwa hiyo NASA, shirika la anga za juu la Marekani, huitaja timu nzima badala ya mtu mmoja. Wanafunzi wangu wameiona picha hii kwenye majalada ya madaftari na kwenye kalenda tangu wakiwa shule ya msingi, lakini wanapofika kidato cha tatu wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kuna watu waliokuwa dirishani wakiitazama dunia kwa macho yao walipoipiga. Mistari mitatu tu ya maelezo ingetosha kuwapa jiografia, fizikia na historia kwa pamoja.

Picha ya mwezini nayo huzua utata wa aina mbili. Kwanza, bango linalouzwa katika duka moja la vifaa vya shule hapa mjini linasema aliyesimama pale ni Neil Armstrong. Ukweli ni kwamba katika matembezi yale ya Julai 1969 kamera ilikuwa kwa Armstrong kwa sehemu kubwa ya muda, hivyo anayeonekana vizuri ni Buzz Aldrin, na Armstrong mwenyewe anaonekana kama umbo dogo katika kioo cha kofia ya mwenzake. Pili, kila mwaka yuko mwanafunzi anayeuliza mbona nyota hazionekani, na mara nyingi huwa amekwisha kusikia mahali kwamba safari ile ilikuwa ya kuigiza. Swali lake ni zuri na lina jibu. Ardhi ya mwezi na mavazi meupe ya wanaanga yalikuwa yakipigwa na jua kali, kwa hiyo kamera ilifunguliwa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na mwanga hafifu wa nyota haukupata muda wa kujiandika kwenye filamu. Huwa nawaambia wajaribu kwa simu usiku wa kiangazi, anga la Dodoma likiwa limejaa nyota: wampige picha mwenzao aliyesimama chini ya taa kali, na anga nyuma yake litatoka jeusi tupu.

Wingu lile la rangi, kwa kadiri ninavyolitambua, ni sehemu ya nebula (wingu la gesi na vumbi angani) ya Carina, mojawapo ya picha za kwanza za darubini ya James Webb zilizotolewa Julai 2022. Darubini hiyo iko umbali wa kilomita milioni 1.5 na hupokea hasa mionzi ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Rangi zake huwekwa na wataalamu kwa utaratibu maalumu, mawimbi marefu yakipewa wekundu na mafupi yakipewa ubuluu. Huo si udanganyifu hata kidogo, ila msomaji asipoelezwa atadhani kwamba mtu akifika huko ataziona rangi hizohizo kwa macho yake.

Umuhimu wa tarehe mkoani kwetu unafahamika vizuri. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 kwa ajili ya makorongo na mmomonyoko wa udongo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, ya kupiga picha za ardhi kutoka angani, ilikuwa imerushwa Julai 1972, na picha za namna hiyo zilizopigwa miaka tofauti juu ya eneo moja humwezesha mtu kuona ardhi inavyopona au inavyozidi kuumia. Ukifuta mwaka uliopigwa, picha mbili za korongo lilelile hazithibitishi chochote. Kolo, katika wilaya hiyohiyo, tuna michoro ya mapangoni ambayo wataalamu bado wanajadiliana kuhusu umri wake, kwa kuwa waliochora hawakuacha maandishi. Inaniuma kwamba picha ambayo tarehe yake na chombo kilichoipiga vinajulikana tunaichapisha kama vile havijulikani.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi sasa ambapo akili unde inaweza kumtengeneza mwanaanga wa uongo kwa dakika moja, naye akaonekana halisi kuliko Aldrin. Ombi langu ni kwamba kila picha ya aina hii itaje nani au chombo gani kiliipiga, lini na kutoka wapi, na iseme wazi iwapo rangi zimewekwa au iwapo ni mchoro wa kompyuta. Picha za NASA kwa kawaida hutolewa bila malipo, tena zikiwa na taarifa zake. Kazi iliyobaki ni ya dawati lako la picha kuziandika kwa Kiswahili kabla ukurasa haujaenda mtamboni. Endapo istilahi zitakuwa kikwazo, niko tayari kusaidia bila malipo, na nawafahamu walimu wenzangu ambao nao watakubali.

Mwalimu wa fizikia, shule ya sekondari,
Dodoma